Kabla ya Kununua Kamera ya Kwanza, Uliza Utapiga Nini na kwa Mwanga Gani

Msimu wa harusi ukikaribia, hususan baada ya Idi na wakati wa likizo za Agosti na Desemba, vijana wengi wa pwani huuliza swali moja: "Ninunue kamera gani ya kuanzia kazi?" Wanaouliza si watu wa kuchezea pesa. Huyu amepokea zamu yake ya chama, yule mamake ameuza mkufu wa dhahabu, mwingine amejinyima mwaka mzima kwa kazi za mikono. Pesa hizo zikipotea, kuzipata tena ni kazi.

Jawabu wanalopewa aghalabu ni jina tu. "Chukua Canon." "Sony ndiyo habari ya mjini." Kijana huenda dukani, hununua kamera mpya kwa pesa zote alizo nazo, na harusi ya kwanza ya usiku anarudi na picha za ukungu, nyuso zimetikisika, na mwenye harusi anataka pesa zake. Hapo lawama huenda kwa kamera, ilhali kamera haina kosa. Iliyokosekana ni lenzi ya kazi ile, nayo haikununuliwa kwa sababu pesa ziliishia kwenye jina.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kamera ya kwanza isiyo na kioo, ya kubadilisha lenzi, kwa mtu wa kwetu na kwa kazi za kwetu. Ukitoka na jambo moja tu, liwe hili: panga pesa ya lenzi kwanza, kisha ya kamera.

Kamera isiyo na kioo ni ipi?

Kamera kubwa za zamani, zile za DSLR, zina kioo kidogo ndani kilichoinama mbele ya sensa. Kioo hicho huurusha mwanga juu mpaka kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinainuka na mwanga unaifikia sensa, ambayo ndiyo inayoichukua picha.

Kamera isiyo na kioo, ambayo madukani huitwa mirolesi, imekiondoa kioo hicho. Mwanga unaingia moja kwa moja kwenye sensa, na unachokiona kwenye skrini au kwenye kitundu ndicho sensa inachokiona. Kwa mwanafunzi hii ni faida kubwa. Kamera yoyote hukisia mwanga kana kwamba dunia yote ni rangi ya kijivu. Ikikutana na bwana harusi wa kanzu nyeupe, hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso wake hutoka mweusi usiotambulika. Ikikutana na buibui jeusi, huuongeza mwanga kupita kiasi na uso huungua. Kwa DSLR kosa hili huliona baada ya kupiga. Kwa kamera isiyo na kioo unaliona kabla, ukazungusha kidude cha kuongeza au kupunguza mwanga, kisha ukapiga.

Kamera ya kwanza ya aina hii iliyouzwa kwa umma ilikuwa Panasonic Lumix G1, mwaka 2008. Sony iliingia mwaka 2010 na familia ya NEX. Canon na Nikon zilijitosa kikamilifu mwaka 2018, Canon na lenzi za RF, Nikon na lenzi za Z. Tangu 2020 kampuni hizo mbili hazijatoa DSLR mpya. Kwa hivyo ukipewa DSLR na mjomba usiitupe, jifunzie, itakufaa. Lakini ikiwa ni pesa yako unayoitoa leo, usianze kununua lenzi mpya za mfumo ambao wenyewe waliutengeneza wameshauhama.

Simu haitoshi?

Kwa wengine inatosha. Mwenye duka la nguo anayeweka picha mtandaoni mchana, mwalimu anayerekodi mafunzo mafupi, mtu anayetaka kumbukumbu za watoto wake, wote hao simu nzuri inawafaa, na pesa za kamera zingefanya jambo jingine.

Kamera inahitajika pale simu inaposhindwa: mtu anayetembea kwenye mwanga mdogo, kitu kilicho mbali, mandhari ya nyuma unayotaka yafifie kwa uhalisia, picha itakayochapishwa kubwa, na kazi ya saa tano mfululizo. Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo katika shughuli zako, weka pesa yako.

Sensa: ukubwa wa ndoo

Ichukulie sensa kama ndoo inayokinga mvua, na mwanga ndio mvua. Ndoo pana hukinga maji mengi kwa muda uleule. Picha iliyokingwa mwanga kidogo hutoka na chengachenga, kama mchanga juu ya ngozi ya mtu.

Kwenye kamera hizi utakutana na saizi tatu. Kubwa ni fulu fremu, milimita 36 kwa 24. Ya kati ni APS-C, kama milimita 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo kuliko hiyo. Ndogo ni Micro Four Thirds ya Panasonic na Olympus, milimita 17.3 kwa 13. Fulu fremu hukinga mwanga zaidi ya mara mbili ya APS-C kwa lenzi ya uwazi uleule, lakini kamera zake na lenzi zake ni ghali na nzito. Kwa anayeanza, APS-C ndiyo kati na kati: inamudu ukumbi wa usiku ikipewa lenzi sawa, na bei yake haikuvunji mgongo.

Usibabaishwe na wingi wa megapikseli. Kamera nyingi za kuanzia zina kama 24, yaani picha ya nukta 6,000 kwa 4,000. Hiyo inatosha kuchapisha karatasi ya A3 kwa ubora wa kitabu, nukta 300 kwa kila inchi, na ziada ikabaki. Albamu ya harusi haiitaji zaidi.

Lenzi ndiyo inayoingiza mwanga

Lenzi ina tundu linalofunguka na kujifunga kama mboni ya jicho. Ukubwa wa tundu hilo huandikwa kwa namba yenye herufi f, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi inayokuja ndani ya boksi la kamera ya kuanzia aghalabu huandikwa f/3.5-5.6, au f/4.5-6.3. Maana yake, ukivuta picha karibu, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 au f/6.3. Mchana ufuoni hilo si tatizo hata kidogo. Usiku ukumbini ni balaa.

Tufanye hesabu. Uko ukumbini, taa za rangi, bibi harusi anaingia taratibu. Kwa lenzi ya boksi, tuseme kamera inahitaji kufungua shata kwa sehemu 1/15 ya sekunde ili ipate mwanga wa kutosha. Katika muda huo mtu anayetembea ameshasogea, na uso wake umekuwa ukungu. Ili mtu anayetembea polepole atulie kwenye picha unahitaji kama 1/125.

Sasa funga lenzi ya f/1.8. Mwanga huongezeka kwa mraba wa tofauti ya namba: 5.6 gawanya kwa 1.8 ni kama 3.1, na 3.1 mara 3.1 ni karibu 10. Lenzi ile inaingiza mwanga takriban mara 10. Ile 1/15 inakuwa karibu 1/150. Kamera ni ileile, ukumbi ni uleule, taa ni zilezile, lakini picha sasa inauzika.

Hakuna kamera ya kuanzia itakayokupa mwanga mara 10 kwa kubadilisha jina lake. Hata ukitoka APS-C ukaenda fulu fremu, unapata kama mara mbili na kitu. Lenzi moja ya bei ya wastani inakupa kumi. Ndiyo maana nasema pesa ya lenzi ipangwe kwanza.

Wengine watasema, "Nitatumia flashi." Flashi ni chombo kizuri, lakini huhitaji dari jeupe lililo karibu ili mwanga urudi kwa upole. Kwenye hema la nje, au ukumbi wenye dari la juu lenye giza, mwanga hupotea, na ukimwelekezea mtu moja kwa moja uso hung'aa kama sahani. Isitoshe, kwenye nikaha msikitini si kila imamu atakubali umulikemulike wakati khutba inasomwa.

Milimita ngapi?

Lenzi za f/1.8 au f/1.4 zilizo nafuu ni zile zisizovuta, zenye urefu mmoja tu. Kwa hivyo urefu huo lazima uuchague kwa akili. Wengi hununua milimita 50 kwa sababu ni rahisi na inasifiwa. Lakini kwenye sensa ya APS-C, milimita 50 huona eneo dogo, sawa na milimita 75 au 80 ya fulu fremu. Ni nzuri kwa uso wa mtu mmoja. Ukiingia nayo kwenye chumba cha nyumba ya Mji wa Kale au ya Lamu, vyumba vile virefu vyembamba, mgongo wako utagonga ukuta kabla hujampata bibi harusi na dada zake wawili.

Kwa kazi zetu, lenzi ya kwanza yenye tundu kubwa iwe ya milimita 30 au 35. Inatosha kwa mtu mzima, kwa watu watatu, na ukisogea inatosha kwa uso. Sigma ina lenzi ya milimita 30 f/1.4 inayotengenezwa kwa midomo ya kampuni kadhaa, nayo ni kipenzi cha wanaoanza kwa sababu hiyo. Lenzi ya boksi usiitupe. Itumie mchana na kwa picha za watu wengi. Pesa zikiruhusu baadaye, tafuta inayovuta yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho, mathalan Sigma 18-50. Hiyo moja inaweza kufanya sehemu kubwa ya harusi.

Mdomo wa kamera ni ndoa

Mdomo ni pale lenzi inapofungwa. Kila kampuni ina wake, na lenzi ya huku haiingii kule. Kamera utaibadilisha baada ya miaka michache, lakini lenzi hubaki nawe. Kwa hivyo unapochagua kamera ya kwanza, kwa hakika unachagua ukoo wa lenzi utakaoishi nao.

Sony, kwa mdomo wake wa E, ndiyo yenye wingi wa lenzi za kampuni nyingine na wingi wa mitumba, kwa kuwa ilianza mwaka 2010. Fujifilm, kwa mdomo wa X ulioanza 2012, ina lenzi nzuri nyingi za APS-C, ingawa bei zake huwa juu kidogo. Canon kwa muda mrefu iliwafungia mlango watengenezaji wengine wa lenzi za RF zinazolenga zenyewe. Mwaka 2024 mlango ulifunguliwa kwa lenzi za APS-C, na Sigma ikaingia. Nikon Z nayo imekuwa ikiongeza.

Kuna mtego mmoja. Canon ilikuwa na kamera ndogo za familia ya EOS M, zilizoanza 2012, zenye mdomo wa EF-M. Familia hiyo imefungwa, na lenzi zake haziingii kwenye kamera za RF. Utaziona zikiuzwa mtumba kwa bei ya kuvutia. Kwa safari na familia ni sawa. Kwa kujenga kazi, huko mbele hakuna njia.

Na kuna habari njema kwa wenye lenzi za zamani. Lenzi za Canon za DSLR, zile za EF na EF-S, huingia kwenye kamera za RF kwa kiunganishi na hulenga vizuri. Nikon ina kiunganishi cha FTZ, lakini lenzi zake za kale zisizo na mota ndani hazitalenga zenyewe. Ikiwa studio ya kakako ina lenzi za Canon kabatini, sababu ya kuchagua Canon tayari unayo.

Majina yenyewe

Sasa tuje kwenye majina, kwa sababu najua ndiyo mliyoyangoja.

Canon R100, ya 2023, ni ya bei ya chini katika RF. Inapiga picha nzuri, lakini skrini yake haigeuki wala haiguswi, na video yake ya 4K hukata pembeni. Inamfaa wa picha tupu mwenye mfuko mdogo. R50, ya mwaka huohuo, ina skrini inayogeuka na kuguswa, na inafuata macho ya mtu vizuri zaidi. Ukiweza kuongeza kidogo, ongeza.

Sony a6000 ya 2014 bado inauzwa mtumba. Kwa picha ni mzee mwenye nguvu, lakini haina 4K wala tundu la kuchomeka maiki. a6400 ya 2019 ina vyote viwili na inalenga kwa kasi. Kwangu mimi, mtumba wake ni chaguo imara kwa anayetaka picha na video pamoja.

Sony ZV-E10 ya 2021 na Nikon Z30 ya 2022 zimetengenezwa kwa watu wa video. Hazina kitundu cha kuchungulia. Jua la saa sita ufuoni likipiga kwenye skrini huoni kitu, unabahatisha. Nikon Z50 ya 2019 inacho kitundu, na megapikseli zake karibu 21 zinatosha.

Nyingi kati ya hizi, R50, a6400, ZV-E10 na Z50 zikiwemo, hazina kinga ya mtikisiko ndani ya kamera yenyewe. Ukirekodi huku unatembea picha itayumba, kwa hivyo hesabu pesa ya tripodi au ya mkono wa kutuliza kamera.

Video na taa zetu

Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei rahisi huwaka na kufifia kufuatana na umeme huo bila macho kuona. Kamera huona. Matokeo yake ni mistari inayopanda na kushuka kwenye video. Dawa ni kuiweka kamera kwenye PAL, kurekodi fremu 25 au 50 kwa sekunde, na shata iwe 1/50 au 1/100. Kamera nyingi za kutoka nje hufika zikiwa zimewekwa NTSC, mpango wa nchi kama Marekani zenye mizunguko 60, na mwenyewe hajui. Hali ya ukimya, ambapo shata haitoi sauti, ni nzuri msikitini, lakini chini ya taa hizo nayo huweza kuleta mistari. Jaribu kabla ya siku yenyewe.

Kadi pia ina hesabu yake. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 haimalizi saa moja na nusu. Tafuta kadi yenye alama ya V30, yaani inayoandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kupungua, na uinunue kwa mtu unayemjua, maana kadi bandia zimejaa mitaani.

Gawa pesa yako

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoka nyumbani, andika. Katika kila shilingi 10 ulizo nazo, 5 ziende kwa kamera na lenzi yake ya boksi, 3 kwa lenzi ya tundu kubwa, na 2 kwa vitu vidogo ambavyo bila wao hakuna kazi: kadi mbili, betri ya pili au ya tatu, mkoba, kitambaa cha lenzi na kisanduku cha kuhifadhia. Betri usizidharau. Kwenye kamera hizi sensa na skrini hufanya kazi wakati wote, na betri nyingi za daraja hili hupimwa kiwandani kwa picha 300 hadi 400 hivi. Harusi moja hupita hapo.

Ikiwa nusu ya pesa haifikii kamera mpya uliyoitaka, chukua mtumba. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini mteja haoni boksi, anaona picha. Na ikiwa njia pekee ni mkopo wa lipa polepole, soma jumla utakayolipa mwisho, si kiasi cha kila siku. Wengi wetu riba hatuitaki kwa sababu ya dini. Hata asiyejali hilo, akijumlisha ataona amenunua kamera moja na nusu. Kukodi kamera kwa harusi mbili tatu za mwanzo ni njia halali, nafuu, na inakufunza unachohitaji kweli.

Ukinunua mtumba

Iwe ni Mombasa mjini, Luthuli jijini Nairobi, au mtu aliyeletewa kutoka Dubai, usilipe kabla ya kuishika. Yule anayesema "tuma kwa M-Pesa, mzigo nitaupakia basi la usiku" mwache na basi lake. Ukiishika, fanya haya:

- Fungua menyu. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na haibadilishiki.
- Toa lenzi, iangalie dhidi ya taa ya simu. Nyuzi kama za buibui au madoa ya ukungu ndani ni kuvu. Iache.
- Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16. Doa lile lile kwenye kila picha ni uchafu wa sensa. Wa kufutika si tatizo, mkwaruzo ni tatizo.
- Rekodi video dakika 15 mfululizo uone kama inazimika kwa joto.
- Jaribu kila kitufe, tundu la maiki, mlango wa kadi na chaja.
- Linganisha namba ya chini ya kamera na ya boksi au risiti. Andikiana na muuzaji, majina na tarehe. Mali ya wizi ikikutwa mkononi mwako, maelezo utayatoa wewe.

Chumvi na unyevu

Pwani yetu ni nzuri kwa picha na mbaya kwa kamera. Kamera za kuanzia hazijazibwa dhidi ya maji na vumbi. Ufuoni usibadilishe lenzi upepo unapovuma. Ivae moja nyumbani umalize nayo. Ukirudi, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji baridi, kisha kikavu, chumvi isikae. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi itafunga ukungu. Iache ndani ya mkoba dakika chache izoee joto. Na usiku usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi au kabati lililofungwa. Kisanduku cha plastiki kinachoziba, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu, hugharimu kidogo na huiokoa lenzi na kuvu.

Picha ni amana

La mwisho linahusu uaminifu, na kwa harusi zetu ndilo litakalokupa au kukunyima kazi. Siku ya kupamba, akina mama huvua mabuibui wakijua wako peke yao. Ndiyo maana wapiga picha wanawake wanatafutwa sana, na binti anayejua kazi hii ana soko ambalo wanaume hawawezi kuligusa. Lakini amana hiyo huvunjika kwa mambo madogo ya mashine.

Kamera za sasa huunganishwa na simu, na programu zake zaweza kutuma picha kwenye simu zenyewe, nayo simu ikazipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni unayoitumia pamoja na ndugu zako. Zima hilo kabla ya kazi. Ukifuta picha kwenye kadi, picha haijatoweka. Kinachofutwa ni orodha tu, na programu za kurejesha huzitoa. Kwa hivyo kadi ya kazi za wanawake isiazimwe, isiuzwe, wala isipelekwe kwa fundi ovyo. Na kwa kuwa kamera nyingi za kuanzia zina nafasi ya kadi moja tu, kadi ikifa harusi imekufa. Badilisha kadi katikati ya shughuli, na usiku huohuo nakili kwenye diski mbili.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mtu dhidi ya kutumiwa picha yake bila ridhaa. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kumbi moja ya starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Anayeanza biashara asidhani hilo ni la wakubwa tu. Kabla hujaweka picha ya bibi harusi kwenye ukurasa wako, pata ruhusa yake kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp.

Basi ukienda dukani, usianze kwa kuuliza "kamera gani nzuri?" Mwambie muuzaji: napiga harusi za usiku ukumbini, nina kiasi fulani, na nataka lenzi ya f/1.8 au chini yake ndani ya pesa hiyo. Akikurudisha kwenye jina na megapikseli, mshukuru, nenda duka la pili.